Jambia Kavu

Rojhpar, mwanzo wa mwezi wa Vaishakh

Kwa mdogo wangu Rajde, Kherali.

Jina la mungu wetu Mama Khodiyar litangulie, salamu zifuate, matusi yaje mwisho. Lakini leo siwezi kungoja, naanza na matusi. Una wazimu wewe? Wachumvi wamepita hapa na mafahali wao, wakaniambia umechora jambia lako, sahihi yetu, chini ya ahadi ya Selar Khuman, bwana wa ngome. Nikawaambia mnasema uongo, ndugu yangu si mjinga kiasi hicho. Wakacheka. Nimeaibika mbele ya watu wanaouza chumvi.

Umemdhamini kwamba Vejo, yule mwasi, akishuka milimani na kuweka upanga chini, Selar atampa hifadhi na hata unywele wake mmoja hautaguswa. Haya. Na ukiguswa? Sisi Charan, waimbaji na wadhamini, hatulipi kwa shamba wala kwa farasi. Tunalipa kwa damu yetu wenyewe, mlangoni pa aliyevunja ahadi, ili imwandame yeye na wajukuu zake. Shangazi Vejbai alijitia moto kwa ajili ya mafahali wa mtu asiyemjua hata jina. Ulikuwa mdogo, lakini mimi nilinusa.

Ndani ya nyumba yako mko watatu: wewe, mkeo mwenye mimba, na Mama. Nijibu swali moja tu. Selar akigeuka, itamwagika damu ya nani?

Dada yako,
Nagbai

*

Kherali, mwezi wa Vaishakh ukielekea mwisho

Dada Nagbai,

Matusi yamefika salama, hata moja halikupotea njiani. Mama alinisikiliza nikiyasoma, akasema umeanza kusahau matusi mazuri tangu uolewe.

Dada, ningekataaje? Vejo alimuua mpwa wa Subedar Kashirav, yule liwali wa kodi, hilo ni kweli. Lakini watu wa Subedar ndio waliomning'iniza baba yake kichwa chini juu ya moshi wa pilipili mpaka akafa, eti kodi haijafika. Milimani amebaki peke yake, wenzake wote wamekufa. Hamwamini mtu yeyote. Akasema atashuka tu kama Charan atasimama katikati. Selar akaja kwangu mwenyewe, kwa miguu, akimvuta farasi nyuma. Unawajua Kathi wenzake, huzaliwa juu ya farasi. Umeona lini Kathi anatembea kwa miguu?

Tulikaa ugani. Selar akamimina maji ya kasumba katika kiganja chake, Vejo akayanywa kutoka kiganjani humo. Akaweka upanga chini. Nikachora jambia langu chini ya ahadi. Mama akatoka ndani, akamtazama Vejo juu mpaka chini, akamwambia, "Wewe ni Ahir, nenda kakamue ng'ombe tunywe maziwa." Dada, Ahir yule hajui kukamua! Amekulia juu ya farasi. Alishika chuchu kama anashika hatamu, ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yote chini. Mama alicheka mpaka akakaa. Selar naye alicheka, na Vejo mwenyewe, akiwa na maziwa mpaka masikioni.

Tangu siku hiyo Mama anamwita Vejo "mwanangu mjinga". Selar ni mtu wa vita, najua, lakini neno lake halijawahi kuanguka. Punguza hofu.

Mdogo wako,
Rajde Gadhvi

*

Kherali, mwezi wa Jeth, joto kali

Dada,

Njoo. Njoo umchukue Mama.

Subedar alikuja na jeshi zima la kodi, mizinga ikaelekezwa langoni kwa Selar. Akataka kichwa cha Vejo au mji. Selar akafunga lango. Nikajiambia, nimeona mwanamume. Asubuhi iliyofuata nikapita pale, kichwa kiko juu ya mkuki, Dada. Uso umepondwapondwa, hauna pua wala macho, lakini kilemba ni cha Vejo na kipuli chenye shanga ya buluu ni cha Vejo.

Nikamwita Selar aliyekuwa juu ya ukuta. "Umevunja?" Hakunitazama. Akasema, "Nenda nyumbani, Gadhvi." Basi. Maneno matatu kwa mtu niliyeweka shingo yangu kwa ajili yake!

Nimechana mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kiganja, nikapaka lango. Subedar Kashirav ameweka kiti chake mbele ya hema, anatafuna tambuu, anatazama kama mtu aliyekuja ngomani. Akaniuliza, "Hiyo tu? Nimeambiwa Charan akisalitiwa lango zima huwa jekundu. Mbona jambia lako kavu? Au hakuna aliyekufa?" Maaskari wakacheka. Ametangaza jeshi haliondoki, hana haraka.

Nilimsimulia Mama hayo yote. Alikuwa anasaga uwele. Alisimamisha jiwe, akaniomba nirudie maneno ya Subedar, neno kwa neno, kisha akaendelea kusaga. Namwogopa, Dada. Najua anawaza nini. Nataka iwe mimi, si yeye. Njoo umchukue umpeleke kwako nipate nafasi ya kufa.

Naandika kwa mkono wa kushoto, usicheke.

Rajde

*

Rojhpar, siku ile ile barua ilipofika

Rajde,

Usife. Usifanye lolote mpaka nifike. Nikikuta umejichana tena nitakuchana mimi.

Naondoka sasa hivi. Ng'ombe namwachia mume wangu pamoja na mchungaji mpya niliyeletewa na wachumvi, mtu asiyefaa kabisa. Ng'ombe wangu Rupi keshampiga teke la kifua.

Barua zote zinazopita kambini kwa Subedar hufunguliwa, kwa hiyo namsalimia pia Subedar. Tambuu ikukwame.

Nagbai

*

Kherali, mwezi wa Jeth

Kwa Nagbai.

Sikuiti Dada leo.

Ulikuja. Sikatai kwamba ulikuja. Nikadhani utamfunga Mama kamba umtupe juu ya ngamia. Badala yake mlikwenda kisimani wawili, mkakaa huko asubuhi nzima. Nilikuja kuwachungulia. Ulikuwa unamchana nywele, na mlikuwa mnacheka. Mlicheka! Kichwa cha Vejo kinaliwa na kunguru, nyinyi mnashikana mbavu kisimani! Kisha ukambusu miguu, ukapanda ngamia, ukaenda zako. Hukunitazama usoni. Hukulia hata tone.

Sasa soma ulichokiacha.

Mama alioga. Akavaa lile blanketi lake jeusi la sufu, akatembea katikati ya jeshi, maaskari wakampisha. Akakaa chini mbele ya lango la Selar. Akaita kwa sauti nzima, mji ukasikia, kambi ikasikia: "Selar Khuman! Ulimuua mgeni wako! Jambia la mwanangu limekaa kavu mno!"

Nikamwambia, Mama, toka, ni zamu yangu, mimi ndiye niliyechora. Akaniambia, "Mkeo anakaribia kujifungua, una mtoto wa kulea. Mimi nina nini? Meno mawili." Akaichukua ncha ya jambia akaiweka chini ya titi la kushoto. Akaichukua mikono yangu akaiweka kwenye mpini, akaifunika kwa mikono yake. Unaijua mikono ya Mama. Akavuta.

Sikusukuma. Naapa sikusukuma. Lakini pia sikurudisha nyuma, na hilo ndilo nitakalokufa nalo.

Hakuanguka mara moja. Alikinga damu kwa kiganja akairusha langoni, akakinga tena akairusha, mbao zikawa zinachuruzika. Selar akafungua lango akatoka bila kilemba, akapiga magoti, na Mama akammwagia miguuni. Nilimngoja aseme neno. Aombe msamaha, ajitetee, atukane, chochote. Hakusema kitu. Mama alimtazama mpaka macho yake yakaganda.

Subedar aliinuka kitini. Alitema tambuu yake bila kuimaliza. Mchana huo huo ngoma ikapigwa na mahema yakaanza kung'olewa. Amekwenda na ushahidi wake.

Nimemwosha Mama peke yangu. Blanketi sikuliosha. Ninalichukua nipite nalo lango kwa lango kwa akina Khuman wote, nililaze mbele yao, niwaambie: anayekula na Selar anamla mama yangu. Nimeshatunga beti zake. Ni beti mbaya kuliko zote nilizowahi kutunga, watoto watazishika upesi. Sitapumzika mpaka asiwe na mtu wa kumpa maji.

Usiniandikie.

Rajde mwana wa Mama Punai

*

Ngome ya Khuman, mwezi wa Ashadh, mawingu bila mvua

Kwa Mama Nagbai, miguuni pako.

Mimi sijui kalamu. Anaandika mwandishi wangu mzee, mtu wa siri. Barua hii inapita kwa wachumvi, ndani ya gunia, si kambini.

Ndugu yako amefanya kazi yake. Binamu zangu wameondoka na farasi wao. Kinyozi hanyoi, mfinyanzi haleti mitungi, wakulima wa Kanbi wamehama na majembe yao. Mke wangu amekwenda kwao na watoto, na hilo ni jema. Mvua imechelewa, na mpwa wangu Unad anawaambia watu kwamba haitanyesha mpaka mwenye damu ya Charan aondolewe. Namsikia anakusanya mikuki. Namfahamu, nimemfundisha mwenyewe.

Sisemi kitu. Ulijua nisingesema. Kichwa kile kilikuwa cha Bhan, mpanda farasi wangu aliyekufa kwa homa asubuhi ile. Mama yake ndiye aliyeniletea kisu. Uso niliuponda mimi mwenyewe, na alikuwa kijana mzuri. Nilidhani yatosha. Sikuwaza kwamba Subedar atakaa kitini kungoja damu yenu ndipo aamini. Mimi Kathi mzima, nikashindwa kuwaza hilo, mzee mwenye meno mawili akaliwaza kabla yangu.

Aliponitazama pale, alikuwa ananiamuru ninyamaze. Nimenyamaza. Ulimwambia wewe?

Jeshi bado halijavuka mto kurudi kwao, linazungukazunguka likitoza vijiji. Mpaka livuke, usimwambie Rajde. Uso wake hauna pazia. Mimi nitangoja.

Vejo anakula? Ameshajua kukamua?

Selar Khuman, kwa mkono wa mwandishi

*

Rojhpar, mwezi wa Ashadh

Rajde,

Uliniambia nisikuandikie. Nyamaza usome. Wachumvi wameniambia mtoto amezaliwa; mpe mama yake, kaa chini.

Vejo yuko hai. Yuko zizini kwangu sasa hivi, anatukanwa na Rupi. Selar alimtoa ngomeni na wachumvi, kavaa nguo zao, anaswaga mafahali, kabla kichwa cha Bhan, mpanda farasi wake aliyekufa kwa homa, hakijapandishwa. Alinifikia mkononi ana pete ya Selar. Nilipopata barua yako nilipanda ngamia kuja kukwambia wewe na Mama kwamba hakuna aliyevunja, tulieni. Nikamkuta Mama kisimani kwanza.

Nikamwambia. Unajua alisema nini? "Nilihisi. Selar akikuvunjia neno anakutazama machoni, ni mshenzi wa hivyo. Huyu alitazama pembeni." Kisha akasema Subedar naye amehisi, ndiyo maana anakaa kitini. Charan aliyesalitiwa na hajafa mtu nyumbani kwake! Nani ataamini? Jambia likibaki kavu, Kashirav atavunja ngome, atajua, atamfuata Vejo popote. Na ahadi uliyoidhamini itavunjika kweli.

Nikamwambia nikae mimi langoni. Akasema wewe umeolewa, damu yako ni ya nyumba ya watu, haihesabiki kwetu. Nikasema basi tumwambie Rajde ajue. Akasema, "Ukimwambia atapumua. Akipumua mara moja tu mbele ya Subedar, mwanangu mjinga amekufa." Tulicheka, ndiyo. Nilimsimulia Rupi alivyompiga Vejo teke akakaa kwenye kinyesi. Aliniomba nirudie mara ya pili. Nilimchana nywele polepole ili zisiishe.

Nililia juu ya ngamia njia nzima, mpaka ngamia akawa anageuka kuniangalia. Mikono yako haina kosa. Ilishika ahadi mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyeiweka pale.

Jeshi limevuka mto. Sasa inuka, Rajde. Unad anataka kumuua Selar, na hakuna atakayemsikia ila wewe. Acha kila kitu. Kimbia.

Dada yako

*

Kherali, mwezi wa Shravan, mvua

Dada,

Nilikimbia. Barua ilinikuta kijiji cha nne kutoka ngome, mchumvi alikuwa amenitafuta kijiji kwa kijiji. Mvua imeanza siku hiyo hiyo, hebu fikiria. Nilikimbia blanketi likiwa begani, sikuwa na akili ya kulitua.

Nikafika lango limeshavunjwa. Selar alikuwa amekaa pale pale alipokaa Mama. Mbao hazijaoshwa, alikuwa amekataza. Hana upanga. Mwandishi wake mzee ameshauawa pembeni, kalamu sikioni. Unad na wenzake walikuwa wamemzunguka, wamemchoma mara moja au mbili, wanasita, maana ni mjomba wao. Nikapaza sauti kutoka mbali. Nikapunga blanketi juu kwa mikono miwili: acheni! acheni! Mvua inapiga ngao zao, hawasikii. Wanaona Charan aliyefiwa anakuja mbio anapunga blanketi la damu.

Dada, walidhani nawahimiza.

Wakamshukia wote. Nilipofika nilijitupa juu yake, mkuki mmoja ukanichana bega, ndipo wakasimama. Nilimwekea kichwa kwenye blanketi la Mama. Matumbo yote yako nje. Nikainama sikioni kwake, nikamwambia najua. Nikamwambia jeshi limevuka. Alifumba macho, akayafumbua, akaniuliza polepole kama tuko ugani, "Ameshajua kukamua?"

Nikasema bado.

Akacheka. Damu ikamtoka mdomoni naye anacheka, akafa hivyo.

Sasa sikia lililobaki. Unad alipangusa mkuki, akaniambia mbele ya watu wote, "Gadhvi, tumelipiza. Imba." Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikawaona wachuuzi wa kambini wamesimama kati ya watu, wale wanaolifuata jeshi na kulipelekea habari. Mto unavukika pande zote mbili.

Niliimba, Dada. Nilisimama juu ya maiti yake nikaimba beti za msaliti, zote, kwa sauti nzuri. Watu walizipokea. Nimekuja nazo njia nzima mpaka nyumbani, kila kijiji watoto wananitangulia wakiziimba. Hao watawaimbia watoto wao. Nimezitengeneza vizuri mno, haziwezi kusahaulika.

Kazi yetu ni majina ya watu. Hatulimi, hatupigani, tunalishwa ili majina yasipotee. Mimi nimemchoma moto mtu aliyeshika neno lake kuliko Kathi yeyote, na jina nililompa ni mbwa aliyeuza mgeni. Nikimsafisha, Vejo anakufa, na Mama amekufa bure. Nisipomsafisha, mimi ni nani?

Siwezi kumbeba mtoto. Kila nikinyoosha mikono naiona kwenye mpini.

Rajde

*

Rojhpar, Shravan, ng'ombe wameshiba

Rajde mdogo wangu,

Nilimsomea Vejo barua yako. Akachukua fimbo, akasema anakwenda kwa Subedar kujitoa, ili jina la Selar lisafishwe. Nilimpiga ndoo ya kichwa. Nikamwambia umenunuliwa kwa bei ambayo huwezi kuirudisha, ruhusa ya kufa huna, rudi zizini. Alilala zizini akilia, nami nikalia jikoni, Rupi akatutazama sote.

Njoo huku. Mlete mkeo, mlete mtoto, lilete blanketi, usilifue. Huku kwetu hakuna lango wala kambi wala wachuuzi. Utakaa mbele yetu, utaimba jina la Selar lile la kweli, mwanzo mpaka mwisho, Mama akiwa ndani yake, na Bhan na mama yake Bhan, na yule mzee wa kalamu. Usibane sauti. Umewapa uongo mzuri, sasa tupe ukweli mzuri kuliko huo.

Mtoto nitamshika mimi mpaka mikono yako ikubali. Nitamkalisha mbele, asikie yeye kwanza. Hatafahamu kitu, haidhuru, utamwimbia tena mwakani na mwaka mwingine. Kashirav ni mzee na ana kikohozi. Mwanao ni Charan, ana mapafu mapya. Siku moja atasimama katika lango lile lile, mbele ya akina Khuman wote, na hapo watajua walimchoma nani.

Vejo anasema maziwa ya wageni ni juu yake. Jana alijaza ndoo.

Dada yako,
Nagbai